Kofia za Verdell katika Barabara ya Howard

Dada yangu Verdell Tolliver ni mtu mgumu, na nasema hivyo mimi Lunette niliyeuza kofia naye duka moja tangu ujana wetu. Ukimuudhi leo, atakununia mpaka Pasaka. Lakini kwa kofia za kanisani, weusi wote wa Baltimore wanamjua. Hakuuzii kofia ambayo hujaijaribu. Atakukalisha mbele ya kioo, aiinamishe, aipandishe, akugeuze huku na huku, na isipokukaa anakunyang'anya hata kama umeshalipa.

Ana sababu zake. Baba yetu alipofariki, Verdell alikuwa msichana, na mama akampeleka Barabara ya Howard, kwenye yale maduka makubwa ya ghorofa, amnunulie kofia ya kuzikia. Muuzaji akawaambia kununua ruksa, kujaribu marufuku, na ikishatoka dukani hairudi. Weusi ndivyo tulivyouziwa pale, ingawa pesa yetu hawakuibagua hata siku moja. Verdell akakadiria kwa macho. Kanisani kofia ikamshuka hadi kwenye nyusi, akamzika baba yake huku ameishikilia kwa mkono, na binamu zetu wanacheka nyuma ya vitabu vya nyimbo.

Tangu hapo akawa anapima miji kwa kioo. Akipata akiba kidogo anapanda treni kwenda Philadelphia, Barabara ya Market, ambako wanamletea kioo na kiti. New York walimwacha ajaribu, ila jamaa mmoja wa dukani akamfuata kila kona hadi anatoka. Chicago, Barabara ya State, walimtandikia karatasi kichwani kwanza, ndipo wakamvika. "Philadelphia namba moja," alikuwa akisema. "Chicago na karatasi lao, namba mbili. Sisi tunaburuta mkia, halafu tunajiita wastaarabu."

Basi yale maduka yakafa moja moja, kwa sababu wenye magari walihamia viungani na kununua hukohuko. Mtaa wa Howard ukabaki na kaduka ketu, wauza wigi, na njiwa. Ndipo ikaundwa kamati ya kuufufua. Jengo letu lilikuwa libomolewe, na wafanyabiashara wachache wa zamani wangepewa nafasi katika soko jipya. Mwenyekiti, mama mzungu aitwaye Bi Haverstick, angekuja mwenyewe kutuona. Asubuhi hiyo nilimbembeleza Verdell kama mtoto. Nilimwambia amchekee yule mama kwa nusu saa tu, kwa sababu tukikosa ile nafasi hatuna pengine pa kwenda, na magoti yangu hayawezi tena kusimama kwenye duka la mtu.

Bi Haverstick akaja na picha za miji mingine, akazitandaza juu ya kaunta.

"Ona wenzetu wa Boston, Verdell. Ona Minneapolis."

"Bi Tolliver," dada akamsahihisha.

Yule mama akatabasamu na kuendelea. "Wewe uliuona mtaa huu enzi zake. Nataka uwasimulie wafadhili wetu. Kina mama na glavu zao, madirisha ya maduka yaliyopambwa kwa Krismasi. Hata Philadelphia hawakutufikia."

"Philadelphia walinipa kioo."

Hakuelewa, akacheka tu. Kisha akaiona kofia ya buluu yenye wavu, akanyoosha mkono. Verdell akaivuta.

"Unanunua kwanza."

"Nataka tu kuona kama inanikaa."

"Kadiria kwa macho. Na ukishaichukua hairudi."

"Dada anatania, mama," nikasema, nikijichekesha.

"Sitanii. Na wewe Lunette funga mdomo."

Shingo ya Bi Haverstick ikawa nyekundu, nikajua ameelewa. "Mimi sikuwa muuzaji," akasema taratibu. "Nilikuwa mteja tu, kama wewe."

"Si kama mimi. Wewe ulikuwa unajaribu."

Akakusanya picha zake na kutoka.

Nilimtolea Verdell maneno ambayo siwezi kuyarudia. Nilimwambia ametutupa barabarani uzeeni kwa ajili ya kofia iliyokwisha kuoza. Nikakimbia nje bila koti, nikamkuta yule mama anafungua mlango wa gari lake.

"Mama, usimjali dada yangu. Ana hasira za zamani."

Akaniwekea mkono begani, kwa upole kabisa. "Usiwe na wasiwasi, Lunette. Mwambie Verdell nimemsamehe. Nafasi yenu ipo palepale. Aje tu aseme machache mazuri."

Nilikuwa nimepata nilichokifuata. Ilibaki kusema asante. Nikautazama ule mkono.

"Umemsamehe kosa gani?"

"Samahani?"

"Umesema umemsamehe. Nauliza alikukosea nini."

Akasema yeye anajaribu kutusaidia tu, na kwamba watu wengi wanaitaka nafasi ile.

"Basi wape," nikamwambia, nikautoa mkono wake begani mwangu.

Nilirudi dukani. Verdell alikuwa anaifuta vumbi kofia ya buluu. Hakuinua uso.

"Amekataa?"

"Hapana," nikasema. "Nimekataa mimi."