Mji Usiokuwa na Njia ya Maji

Mimi hakuna kitu cha kunishangaza. Nimeishia darasa la saba, nikagonga kokoto kwa nyundo chini ya mlima mpaka kucha zikang'oka, na leo nusu ya kuta unazoziona hapa kwetu Bigwa zimesimama kwa mawe yangu. Nimetapeliwa na mtu mwenye suti, nikala naye chakula siku ya pili, nikampa na maji ya kunawa. Kwa hiyo nikisema nilitikiswa na mji ambao haujawahi kuwepo duniani, ujue si jambo dogo.

Mji wenyewe aliutunga binti yangu. Alikuwa kidato cha nne, wakaandaa igizo la mahafali, na mimi niliyelipia turubai na viti nikakalishwa mbele, nafasi yangu. Ulikuwa mji wa kale, tajiri, chini ya mlima. Kila mwenye nguvu alijenga ukuta ili maji ya mvua yasipite kwake. Yakahamia kwa jirani. Jirani naye akajenga. Mwisho mji ukawa na kila kitu isipokuwa njia ya maji, na mvua kubwa ikaujaza kama sufuria.

Watu walimcheka sana tajiri wa mji. Msichana aliyemwigiza alifunga mto tumboni, akaning'iniza funguo kiunoni, akanguruma: "Maji yana miguu, yatazunguka!"

Nikacheka na mimi. Maneno yale ni yangu.

Nilishawahi kumwambia hayo mama mkubwa, dada yake marehemu mama. Kwetu Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na kipande nilichojenga ni yeye aliyenisemea kwa wajomba nikapewa. Nyumba yake ya udongo iko pembeni ya yangu. Upande wa mlimani palikuwa na ua wa miti ya minyaa tu, maji yanachujika kwenye mashina yanapita taratibu, kila mtu anapata yake. Mimi nikang'oa minyaa ya upande wangu, nikapandisha ukuta wa mawe. Akaja: "Mwanangu, maji yote sasa yanakuja kwangu." Nikamjibu hayo ya miguu.

Kwenye gari, wakati wa kurudi, nikamwambia binti, "Umenitangaza."

"Baba, mji ule haupo. Nimeutunga."

"Na zile funguo?"

"Wenye funguo kiunoni ni wengi, baba."

Tulikuwa tumesimama kwenye taa za barabarani, Msamvu. Mtaro umejaa chupa mpaka juu. Mbele, nyumba baada ya nyumba, ua umesakafiwa wote, bomba la bati limeelekezwa barabarani, ukuta umebanana na ukuta. Siku zote nikipita hapo huwa naona fahari: huu tripu kumi za lori, ule mawe yangu ya mwanzo. Siku ile kila ukuta nikawa nauliza, na wewe maji yako umempelekea nani?

"Baba, taa imewaka kijani. Watu wanapiga honi."

Nyumbani sikuweza kula. Nikakaa, nikainuka, nikatoka nje. Wingu lilikuwa limeshaufunika mlima. Nikaenda kwa mama mkubwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kukagua mto wako?"

Alikuwa anapandisha mahindi kitandani yasilowe. Nikazunguka nyuma: msingi umeliwa, mkono wangu uliingia chini ya ukuta mpaka kiwiko. Mvua mbili tatu, nyumba ingemlalia.

"Mbona hukuwaambia wajomba?" nikamuuliza. Wao wangeamua mara moja.

"Niwaambie wakunyang'anye ardhi? Halafu utalala wapi, na hayo mawe yako?" Akacheka, akanikabidhi gunia. "Pandisha na hili."

Nikalipandisha.

Asubuhi nikamwita fundi yule yule aliyeujenga ukuta. Akaukagua kwa masikitiko. "Bosi, huu nilikujengea wa kukaa miaka mia. Tutoboe kidirisha tu, maji yachungulie."

"Toa upande wote," nikasema. Mimi nikifanya kitu sifanyi nusu.

Walikuwa wanatoa mawe ya mwisho mvua iliposhuka. Maji yakaja mekundu, yakafika pale ukuta ulipokuwa, yakanyoosha kupita katikati ya ua wangu, yakiondoka na pevingi zangu mpya, vile vitofali nilivyosakafia. Kwa mama mkubwa yalifika haba, yakamlowesha kuku. Alisimama mlangoni anapiga vigelegele kama harusini, na mimi nilisimama kwenye matope, viatu vimejaa.

Siku hizi wingu likitua juu ya mlima wetu, Uluguru, sikai kwenye kiti, naranda uani mpaka linyeshe liishe. Vipande vya minyaa vya kupanda pale palipokuwa na ukuta, mama mkubwa alinipa bure. Kubomoa, msingi mpya wa mawe wa nyumba yake, na pevingi zilizosombwa, jumla nilitoa shilingi milioni mbili, laki nne na elfu sabini na tano.