Nguzo Moja Katika Tope la Daraja Mbili

Kosa litakaloanikwa hapa ni kiburi cha mtu anayefundisha jambo alilolisoma bila kulikanyaga. Nimelikemea kosa hili kwa wengine miaka mingi, darasani na kanisani, kwa ukali ambao baadhi ya wenzangu wameuona umepita kiasi. Ni haki wajue nililijulia wapi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa mwalimu kijana mjini Kisii, nimechumbia binti wa watu kutoka Itumbe. Posa ilikuwa imekubaliwa na harusi imepangwa. Kwa mila yetu Wagusii, tangu siku ile mama wa mchumba wangu na mimi hatukuruhusiwa kupeana mikono, kusemezana ana kwa ana wala kutajana majina. Na kama angeniona bila nguo, aibu hiyo ingetosha kuvunja posa. Hayo niliyajua vizuri. Nilichodhani nakijua vizuri zaidi kilikuwa Venisi.

Nilikuwa nimeazima maktaba kitabu kilichoeleza jinsi mji huo wa Italia ulivyojengwa ndani ya wangwa wa bahari, juu ya tope ambalo mbwa mwenye akili asingelilalia. Nilikisoma mara mbili, nikajiona mwenyeji wa mahali nisipopata kupaona. Jumamosi moja nikawaalika wenzangu watatu wa chama chetu cha kusoma niwatembeze Venisi: walimu wawili, na muuza vitambaa, Mwislamu mzaliwa wa mjini ambaye babu zake walitoka pwani. Tulishuka kwa miguu hadi kwenye kinamasi kilicho chini ya soko la Daraja Mbili, mahali wafyatua matofali walipochimba udongo wao.

Kwa ajili ya shughuli hiyo nilivaa suruali ya fasheni ya siku zile, iliyobana mapajani na kupanuka chini kama kengele mbili za kanisa. Nikiona mavazi ya vijana wa leo, hunyamaza. Ndipo mahali pekee ninaponyamaza.

Matembezi yalianza kwa heshima. Mtaro wa maji ya mvua niliutangaza kuwa mfereji mkuu. Kichuguu kikawa mnara. Dimbwi walimonywea ng'ombe likawa uwanja wa watawala. Walimu waliandika. Muuza vitambaa aliuliza kama watawala hao nao walinuka hivi, nikamjibu kwamba kitabu hakikusema.

Tulipofika penye tope zito nikaeleza msingi. Mafundi walipigilia nguzo za miti kwa maelfu, zikabanana, zikashuka hadi kwenye udongo mgumu. Juu yake wakalaza mbao, juu ya mbao wakapanga mawe, na juu ya mawe wakajenga makanisa. Muuza vitambaa akasema ataamini akimwona mtu amesimama juu ya nguzo hizo. Pembeni palikuwa na mti mmoja wa mkaratusi uliosahauliwa na wajenzi. Niliuchomeka topeni, nikaugonga kwa jiwe mpaka ukabaki kimo cha kigoda, nikaupanda.

"Hivi ndivyo mji husimama," nikasema, nikaanza kuzama.

Nguzo ilishuka taratibu, bila haraka yoyote, nami nikaifuata. Tope likaingia katika zile kengele mbili, likazijaza, likazivuta. Nilipozama hadi kiunoni walimu walininyooshea tawi na kuvuta, nikahisi mwili unapanda na suruali inabaki. Nikawaomba waache. Wakati huohuo mwanamke mwenye gunia la ndizi kichwani alikuwa akiteremka kunawa miguu kabla ya kuingia sokoni. Alikuwa mama wa mchumba wangu.

Hakupiga kelele wala hakukimbia. Alinigeuzia mgongo, akatua gunia, akazungumza na muuza vitambaa, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote pale.

"Mwambie huyo mtu aache kusimama. Alale."

"Mama anasema ulale."

"Nimesikia," nikasema.

"Hukusikia, mwalimu. Kwa mila zenu hukusikia mpaka nikwambie mimi."

Mama akataka kujua ni nani aliyenifundisha kupanda mti topeni. Nikajibu, kupitia mkalimani wangu aliyekuwa akifaidi sana kazi yake, kwamba ni watu wa Venisi.

"Na hao walisimama juu ya mti mmoja?"

Muuza vitambaa akanigeukia. Nikakiri kwamba ilikuwa maelfu.

"Basi mwambie alisoma nusu."

Bado akiwa ametupa mgongo, akawaagiza walimu wakusanye magogo ya migomba ambayo wanawake wa sokoni huyatandika bondeni kila masika ili wapite. Wayalaze yakigusana, kisha mengine juu yake kwa kukingama. Mji ukajengwa mbele ya macho yangu kwa muda mfupi kuliko nilivyoueleza. Nikalala kifudifudi, nikatambaa juu yake. Suruali ilibaki topeni, na naamini ingalipo. Mama alimwaga ndizi zake majanini, akalirusha gunia nyuma kupitia begani bila kugeuza shingo. Nikatoka Venisi nimejifunga gunia.

Alizifunga ndizi katika shuka yake, akaenda zake. Iwapo aliniona wakati anateremka, kabla ya kunipa mgongo, na aliona kiasi gani, hakuna aliyejua. Wiki nzima nilisubiri habari kwamba posa imerudishwa. Hatimaye baba yangu mdogo aliitwa Itumbe, akarudi na maneno ya mama, ambayo nayaandika kama alivyonifikishia: alipita bondeni, hakuona mtu, aliona nguzo moja tu, iliyochomekwa vibaya, na nguzo haimwaibishi mkwe.

Tulioana siku ileile iliyopangwa. Kitabu nilikirudisha maktaba, nikaanza kwenda bondeni asubuhi za soko kutazama, kwa mbali, jinsi wanawake wanavyotandika njia yao. Aliyeniokoa alikuwa na jina zuri, ambalo hadi leo siruhusiwi kulitamka wala kuliandika. Naandika lile ninaloruhusiwa: Mama Mkwe.