Kilio cha Mbuzi

Naikumbuka asubuhi ile hapa Kindu, mwanangu, enzi za Wabelgiji, mbuzi wetu mmoja alipoanguka nyuma ya nyumba. Wazazi walikuwa wamekufa. Mimi, mkubwa, nilikuwa nimeacha shule ili nilee wadogo zangu, na mbuzi wale ndio urithi tuliobaki nao. Nikakimbilia kisu. Sisi Waislamu nyamafu hatuli, basi mnyama akianza kukata roho tunamwahi. Mdogo wangu Zuena alikuwa ameshashika beseni, anasubiri maini.

Baba mdogo, aliyefanya kazi kwenye treni ya Kongolo, akaingia uani, akatazama pua ya mbuzi.

"Weka kisu chini, mutoto."

"Atakufa haramu, baba."

"Kisu kinahalalisha nyama, hakiponyeshi ugonjwa. Njo vile watu wa Kigoma walituambia: damu nyeusi puani, usipasue. Kule walikula, wakazikwa."

Kigoma, mwanangu, ilikuwa ya Waingereza. Wakubwa wa huku na wa kule kila mmoja alilinda mpaka wake, lakini kimeta, ugonjwa ule wa damu nyeusi, hakikuomba ruhusa kwa yeyote. Habari zake zilivuka ziwa kwa midomo ya wachuuzi, zikapanda treni pamoja na wafanyakazi.

Niliomba tunyamaze. Bwana mifugo akisikia, angeweza kuwachoma mbuzi wote. Baba mdogo hakunigombeza. Alisema tu, "Mwenzako akinyolewa, tia kichwa chako maji. Kigoma walinyolewa, wakatuambia. Watu wa Alunguli, kule ng'ambo ya mto, nani atawaambia?"

Tukaenda kwa mzee mpiga ngoma, aliyepeleka habari za misiba ng'ambo ya mto. Akacheka.

"Toka lini mbuzi iko na matanga?"

"Hatumulilii mbuzi," baba mdogo akamjibu. "Tunawalilia wenye kumukula."

Ngoma ikalia. Alunguli wakafunga mifugo yao, wala hakuna aliyegusa mzoga. Zizi letu bwana mifugo alilimaliza kwa moto. Tulikula sombe tupu, majani ya muhogo bila nyama, muda mrefu, nami nilinung'unika sana. Lakini Zuena yule wa beseni ndiye bibi aliyekulea wewe.

Kwa hiyo nakuusia: mnyama akifa kwa namna usiyoijua, usimpasue, usimuuze, usimfiche. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Mwambie mganga wa mifugo, mwambie jirani, umfikishie na yule wa ng'ambo ya mpaka hata kama hujui lugha yake, maana nasi tuliokolewa na watu tusiowahi kuwaona. Mungu akujaalie wa kukuonya mapema, na akupe moyo wa kuonya wenzako hata siku zizi linaloungua ni lako.