Kaseti Yangu ya Mwezi Mtukufu

Maishani nimetoa albamu moja tu, na iliuzika. Nalisema mapema kwa sababu wanafunzi wangu wa sasa, wakiniona na miwani na chaki mkononi, hawaamini kwamba niliwahi kurap hata ubeti mmoja.

Ilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Viwanda vya Tanga vilikuwa vinafungwa kimoja baada ya kingine, baba yangu amepunguzwa kazi, na maduka yamejaa kila kitu isipokuwa wanunuzi. Mimi nikaona huo ndio wakati mwafaka wa kuwa msanii. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, nikarekodi nyimbo nane kwa siku mbili. Saba zilikuwa za kuwakaripia wakubwa. Ya nane ilimhusu mama: siku baba aliporudi na barua ya kupunguzwa, mama alilia jikoni hadi akaunguza karai zima la maandazi ya kuuza. Niliitupa mwisho kabisa, upande wa pili, maana niliona haina ukali.

Mama hakutaka hata kuiona hiyo kaseti. "Mtoto wa kike kupayuka kama mpiga debe!" alisema. "Isivuke kizingiti changu." Tangu hapo tukawa tunaongea habari za chumvi na mafuta ya taa tu. Iliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Picha ya jalada nilipigwa studio moja ya Usagara, hapa hapa Tanga. Nilikwenda na jaketi la mtumba na kofia nimeigeuza kisogoni. Mpiga picha, mzee aliyemfahamu mama, aliitikia shikamoo yangu kisha akagoma kushika kamera. "Mtoto wa watu simpigi namna hiyo," akasema, akaniazima mtandio wa mkewe. Nikatoka kama bibi harusi anayekwenda maulidini.

Sasa sikiliza ujinga. Kaseti nilimpelekea muuzaji wa sokoni siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Mimi, niliyezaliwa Tanga, niliyeanza kufunga nikiwa na miaka saba, sikukumbuka kwamba Ramadhani mji huu huzima muziki. Yule muuzaji aliyekuwa akitutoboa masikio mwaka mzima akageuka mcha Mungu, anapiga kaswida kutwa. Kaseti zangu zikalala chini ya meza.

Nilipopita wiki ya pili, hazikuwepo.

"Zimekwisha, dada," alisema. "Nyingine zimefika mpaka Maramba."

Nilirudi nyumbani Nguvumali sigusi chini. Njiani bibi mmoja alinishika mkono. "Mungu akuzidishie, mwanangu, umetufaa sana." Nikajisemea, kumbe rap imewaingia hata mabibi!

Mbele kidogo, kwenye duka la nazi, niliona uso wangu umesimamishwa kando ya redio. Ndani ya redio mzee mmoja mwenye mafua alikuwa anaeleza adhabu ya kaburi.

Nikageuza mbio hadi sokoni. Muuzaji hakuona haya hata chembe. "Zingekuozea, dada. Nimeziba vile vitundu vya kuzuia kurekodi kwa karatasi ya sigara, nikarekodi mawaidha juu yake. Na picha yako imenifaa, umejistiri vizuri."

"Umefuta nyimbo zangu zote?"

"Mawaidha yalipungua kidogo mwishoni. Lakini nani husikiliza mpaka mwisho?"

Nilimtukana, na mimi nimefunga. Lakini niseme ukweli: heshima ni tamu. Watu waliendelea kuniombea dua, nami nikaendelea kuitikia amina.

Siku ile ile ya ugomvi, niliporudi kutoka sokoni, nilimkuta mama uani anakuna nazi ya futari, kaseti yangu inalia pembeni. Ameinunua mwenyewe. Aliniambia, "Umechoka, mwanangu, kaa," na miezi mingi ilikuwa imepita bila kuniita hivyo. Nikakaa. Ningemwambiaje kwamba binti aliyetubu yuko kwenye jalada tu? Kila alasiri aliiweka, upande wa pili, nami kila alasiri nilipata kazi ya kufanya nje.

Siku ya mwisho ya mfungo uongo ulinishinda. "Mama, nisamehe. Hayo mawaidha si yangu."

Akaniangalia kama anayemwangalia mgonjwa. "Kwani mie sijui sauti ya mwanamume?"

"Sasa mbona unayasikiliza kila siku?"

"Majirani ndio wanaoyasikiliza," alisema.

Mzee wa mafua akafika kwenye dua, akamaliza. Mama akaacha mbuzi ya nazi, akapunguza sauti, akaisogeza redio hadi karibu na sikio. Kukakwaruza kidogo, kisha nikaisikia sauti yangu, inakwenda mbio, jikoni, barua, maandazi. Nilisimama pale pale, machozi yananitoka, sikujua niyafute au niyaache.

Wimbo ulipokwisha alijifuta mkono kwenye kanga.

"Kulia nililia," alisema. "Lakini maandazi sikuunguza."

Akairudisha kaseti nyuma, si mwanzo, bali pale dua inapoishia.