Watu Kumi na Mmoja Waliotembelewa na Mungu

Saa nne asubuhi haijafika, na Glenys Tuxworth ameshazika watu kumi na wanne. Mmoja kwa homa ya matope, wawili kwa kupanda kwa mapafu, mmoja kwa huzuni, na kumi waliobaki kwa kuota meno. Hao ni wachanga. Anapangusa miwani, anageuza ukurasa kwa ncha ya kidole, anaendelea.

Yuko ghorofa ya chini ya nyumba ya kumbukumbu ya Fendyke, mji wa mabwawa yaliyokaushwa, ambako upepo wa Uingereza hauna hata kilima cha kupumzikia. Kazi yake, ya pauni kumi na mbili na nusu kwa saa, ni kusoma madaftari ya zamani ya madaktari na kuingiza kwenye kompyuta magonjwa ambayo siku hizi hakuna anayekubali kuyaugua.

Ana miaka sitini na moja, na magonjwa hayo anayajua kama wengine wanavyojua majirani. Aliyepandwa na mapafu alihisi yanamkaba koo, akamezeshwa marisau, yaani punje za risasi, ili uzito uyashushe. Ugonjwa wa mfalme, yaani vidonda vya shingo, ulitibiwa kwa kuguswa na mfalme mwenyewe, ambaye kwa bahati mbaya hakupita Fendyke. Ugonjwa wa kijani uliwapausha wasichana; dawa yake ilikuwa mume.

“Hiyo niliitumia miaka tisa, bata wangu,” anasema Glenys, ambaye kama watu wote wa huku humwita bata kila anayempenda na kila asiyemjua. “Haiponyeshi kitu.”

Kicheko kinakwisha anapofungua daftari la nyumba ya maskini, majira ya baridi ya mwaka 1847.

Nyumba hiyo ilihifadhi wasio na kitu, kwa sharti la kuvunja mawe na kunywa uji. Majira yale walikufa watu kumi na mmoja, na mbele ya kila jina imeandikwa sababu moja: kutembelewa na Mungu. Ndiyo hukumu iliyotolewa enzi hizo pale ambapo kutafuta sababu nyingine kungeleta usumbufu. Kwa miezi mitatu Mungu alifika mara kumi na moja, na hata siku moja hakupitia kwa msimamizi wa nyumba, aliyeishi mlango wa pili na kula nyama mara mbili kwa siku.

Lakini daftari la daktari lina safu ya mwisho, ya matibabu. Dawa daktari alizinunua kwa mshahara wake. Chakula kililipiwa na bodi iliyoendesha nyumba hiyo. Hivyo alipoona mtu anakwisha, alimwandikia chakula kama dawa. Mbele ya Keziah Dring, mjane wa miaka thelathini na minne, aliandika: nyama ya kondoo, robo ratili kila siku. Mstari umepita juu yake kwa wino wa mtu mwingine. Pembeni pana neno moja: imekataliwa. Wote kumi na mmoja wako hivyo hivyo.

“Ugonjwa wao uko kwenye safu ya dawa,” anasema Glenys. “Ukiisoma ile, humhitaji Mungu.”

Mkuu wake, Julian Peake, kijana mwenye baiskeli ya kukunja, amenunua mfumo wenye orodha ya magonjwa sitini ya kisasa. Hauna safu ya matibabu. Kutembelewa na Mungu hugeuka kuwa moyo kusimama. Madaftari yenyewe yanaondoka Ijumaa kwenda kuhifadhiwa ndani ya mgodi wa chumvi, maili mia moja kutoka hapa, na wasomaji watabaki na kompyuta.

Glenys aliandika barua tatu kuomba safu moja. Akajibiwa kwamba juhudi zake zinathaminiwa sana. Katika ofisi za huku, mtu akishathaminiwa sana hana chake tena. Akajaribu kuandika “njaa”. Kompyuta ikakataa. Njaa haimo katika yale sitini.

Jumatatu Julian alishuka na vikombe viwili vya chai na biskuti, ishara mbaya. Akasema mkataba wa Glenys unakwisha mwezi ujao na angependa kuuongeza, ila kwanza asaini kwamba orodha ya 1847 ni nakala kamili.

“Mioyo yao ilisimama, Glenys. Huo si uongo.”

“Na wako utasimama, bata wangu. Tukuandike leo?”

“Walikufa zamani. Hakuna anayeumia.”

“Basi hakuna atakayeumia tukiandika nyama.”

Chai aliinywa, kwa kuwa huku hakuna ugomvi unaohalalisha kuiacha ipoe. Hakusaini.

Jana Julian alisaini kwa niaba yake. Leo watu kumi na mmoja wanaonekana kwenye kompyuta, mioyo imesimama kwa utaratibu mzuri kabisa.

Glenys hatakata rufaa. Ameshajaza fomu ya msomaji wa kawaida, ile ya mtu yeyote apitaye barabarani. Mwezi ujao, akiwa hana kazi, ataomba daftari lipandishwe kutoka mgodini, asubiri wiki sita, kisha anakili kwa penseli majina, umri, walichoandikiwa kula na lile neno la pembeni. Nakala ataibandika kwenye ubao wa kanisa, kando ya tangazo la mauzo ya keki.

“Nyama siwezi kuwapa,” anasema, akifunga utepe wa daftari. “Ila aliyewanyima aliandika kwa mkono wake mwenyewe, na hati yake inasomeka.”