Mfarishi wa Dada Zuhura

Ulikuwa mwaka ule wa bada. Siutaji kwa namba maana namba yake siijui, lakini mtu yeyote wa Tanga wa rika langu ukimwambia "mwaka ule wa bada" atakunja pua, na hapo ujue amekuelewa. Mchele ulipotea madukani, tukala ugali wa makopa, muhogo mkavu uliotwangwa: bada na dagaa mchana, bada na kisamvu jioni, na siku ya Idi bada na nyama. Juzi mkwe wangu kasonga bada hapa uani, kwa hamu tu, na ile harufu ya muhogo uliochacha kidogo iliponifikia sikuona sufuria wala mwiko. Niliona vitambaa.

Maana wakati wa kusonga bada ndio uliokuwa wakati wa chama cha bibi yangu. Bibi Mwanasha, mama wa mama yangu, tuliishi naye nyumba moja pale Chumbageni. Akishasali alasiri hutandika mkeka mrefu uani, na wanawake watano sita wa mtaani huja na mafurushi yao ya kanga zilizochakaa na mabaki waliyoyaokota kwa mafundi cherehani, wakakaa kushona mifarishi. Nyinyi mliozaliwa mkakuta mablanketi ya dukani niwaambie: mfarishi ni viraka vilivyounganishwa upande wa juu, bitana upande wa chini, sufi katikati, kisha unapigwa bandi kila mahali ili sufi isikimbilie kona moja. Kwetu mtoto wa kike hakwenda kwa mume bila mfarishi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, niko darasa la pili, na pua yangu ilikuwa kila mahali. Kazi yangu pale ilikuwa kutunga uzi kwenye sindano, maana macho ya kina mama yalishachoka na moshi. Nikitunga nauliza. Kwa nini sufi na si pamba? Kwa nini uzi unapakwa nta? Sufi ikilowa inanuka nini? Jirani yetu Mwanahawa, mwanamke mwenye cheko la kusikika mpaka barabarani, akanibandika jina la Karani.

"Karani, leo umeuliza mangapi?"

"Bado sijaanza."

Basi mfarishi wa zamani ulikuwa mateso. Kila kiraka kilikatwa peke yake kwa kufuata kipande cha boksi, kisha kikashonwa kwa mwenziwe, na huyo kwa mwenziwe. Ukianza mfungo mosi, mfungo sita unakukuta bado hujatia sufi. Mpaka alipokuja Mama Yohana, Msambaa wa milimani, mume wake akifanya kazi kwenye reli. Alikuwa mtu wa kanisa, mpole, na siku ya kwanza alikaa pembeni ya mkeka kama mgeni. Siku ya pili akachukua kanga kuukuu, akaitia jino pembeni, akaipasua kraaa mpaka mwisho. Utepe wa vidole vinne, umenyooka kama umepigwa rula. Akapasua nyingine, na nyingine. Akashona tepe zile ubavu kwa ubavu, moja chini ya nyingine, likawa guo zima la mistari. Halafu akachukua mkasi akaanza kulikata guo lile kwa kukingamisha mistari, toka juu mpaka chini.

Bibi akamshika mkono. "Mama Yohana, umeshona kwa mkono wako mwenyewe, sasa unakata? Huko kwenu mna njaa ya kazi?"

"Ngoja, bibi. Unashona kwanza, unakata baadaye."

Akavipanga vile vipande vya kukingama. Cha kwanza akakiacha. Cha pili akakisukuma juu kwa utepe mmoja, ule uliotokeza akaufumua akauhamishia chini. Cha tatu akakiacha, cha nne akakisukuma. Akaunganisha. Mbele ya macho yetu ile mistari ikawa viraka, kila rangi imekaa mbali na mwenziwe, kama ubao wa drafti. Hakuna aliyekata kiraka hata kimoja.

"Kumbe tumejitesa bure miaka yote hii," alisema Mwanahawa, na kwa mara ya kwanza hakucheka.

Mwezi huohuo dada yangu Zuhura aliposwa. Mume alitoka Pangani, jina lake Saidi, karani kwenye shamba la mkonge, kijana wa kalamu mfukoni. Mama yangu alifurahi mpaka akachoma ubani. Dada Zuhura alikuwa mzuri, lakini hakuwa na mdomo. Ukimwambia kaa, atakaa mpaka uje umwambie inuka. Mama yake Saidi, Bi Salma, alikuja kumtazama. Tukampa shikamoo, tukampa kahawa. Akamzunguka dada, akauliza kanga aliyovaa inasema nini, akamgusa bega, akamgusa kiuno.

"Mgongo mzuri huu," akasema. "Kisima chetu kiko mbali."

Akacheka, na mama akacheka kwa adabu. Bibi hakucheka. Alikuwa anakitazama kikombe chake kana kwamba kina nzi.

Kesho yake Bibi akatoa kanga mbili za kupasua kwa mfarishi wa dada. Moja ilikuwa yake mwenyewe, MWANANGU NURU YA NYUMBA. Nyingine alimwomba Mwanahawa, ile aliyokuwa akiivaa mwezi alipoachana na mume wake: MIMI SI PUNDA WAKO. Majina hayo kila mtu pale aliyajua, hata asiyejua herufi, maana kanga huinunui mpaka uambiwe inasema nini. Kwa kawaida tepe zenye maandishi zilitupwa au zikaingizwa ndani. Bibi akasema safari hii hatupi kitu, herufi nazo ni maua. Kisha akaniita.

"Karani, neno la kwanza hapa linaishia wapi?"

Nikaweka kidole baada ya MWANANGU. Akachomeka sindano palepale.

"Na hapa?"

Nikaweka kidole baada ya MIMI. Akachomeka sindano ya pili. Akazilaza tepe mbili, ile ya mwanangu juu na ile ya punda chini yake, akazivuta mpaka sindano zikatazamana, pale mkasi utakapopita. Mimi mwenye maswali mia nikauliza kwa nini. Akanituma nikachochee moto.

Siku ya Jumanne mfarishi ulikwisha, ukatandazwa uani tuusifie. Kweli ulipendeza. Nami nikaona maandishi, na mtoto wa darasa la pili akiona maandishi hawezi kunyamaza. Nikasoma kwa sauti ya shuleni, silabi kwa silabi, "Mwa-na-ngu si pu-nda wa-ko."

 Mwanahawa akajifunika mdomo kwa kanga, mabega yakimtikisika. Dada Zuhura akaanza kulia. Mama akanifinya paja, kisha akamgeukia Bibi.

"Mama, fumua hapo. Keshokutwa wanakuja kuchukua vitu. Bi Salma akisomewa haya, posa itarudi, na huyu atakaa hapa mpaka aote mvi."

Bibi akakata uzi kwa meno. "Sifumui. Mie sijui kusoma."

"Mama."

"Shona kwanza, kata baadaye, ndivyo tulivyofundishwa. Maneno yamekutana yenyewe."

Mama akamtazama Mama Yohana, aliyesoma Biblia kila siku ya Mungu. Mama Yohana akawa anahesabu makuti ya paa. "Mimi niliona maua tu," akasema.

Siku zile mbili sikula vizuri, hata hiyo bada. Niliona nimevunja ndoa ya dada kwa mdomo wangu. Alhamisi Bi Salma akaja, akaupapasa mfarishi, akasema, "Maua mazuri," akaukunja, akaondoka nao. Mama ndipo akashusha pumzi. Mimi nikaona maneno ya Bibi yamepotea bure.

Baada ya mwezi na siku dada akaja kututembelea, amenenepa. Tulikuwa uani, sindano mikononi. Akatusimulia kwamba wiki ya kwanza alichota maji, mitungi sita kwa siku, na hakusema kitu. Wiki ya pili, asubuhi, akamkuta mume wake amelala kichwa upande wa miguu, anautazama mfarishi.

"Nani kashona huu?"

"Bibi yangu."

 Saidi akavaa, akaenda kazini. Jioni akarudi anavuta punda. Akamfunga uani mbele ya mama yake, akasema, "Huyu ndiye wa maji."

Mwanahawa alicheka siku ile mpaka akajichoma sindano. Bibi aliendelea kupiga bandi.

Wanangu, niliitwa Karani kwa wingi wa maswali, na moja la maana nililisahau: ni nani atakayelala chini ya mfarishi huu kila siku, na je, anajua kusoma? Bi Salma hakujua herufi hata moja, na Bibi aliliona hilo siku ya kahawa. Yale maneno hakuandikiwa yeye. Shule niliiacha darasa la tatu, lakini kwa zile sindano mbili nilisoma zaidi, ila nilichelewa kujua kwamba ninasomeshwa. Leo wajukuu zangu wote, wa kiume na wa kike, wanajua kushona kwanza na kukata baadaye, nami najivuna kwa hilo bila haya.

Miaka mingi baadaye dada alituletea mfarishi ule tuutie sufi mpya. Ulikuwa umechakaa, mshono umeachia. Mimi nilishakuwa mama wa watoto, na macho ya Bibi yalishazimika. Nikamwambia, kwa kumchokoza, kwamba kwa kuwa umeachia nitafumua pote, niyarudishe maneno kila moja kwa kanga yake. Akanyoosha mkono. Kidole chake kikapita juu ya viraka vyote bila kusita, kikasimama pale pale ambapo MWANANGU inakutana na SI.

"Sifumui," akasema. "Mie sijui kusoma."