Somo la Zama za Barafu

Mwalimu wa jiografia hufundisha akiwa na koti zito, vidole vyake vimepasuka kwa baridi na jembe. Husema polepole, na darasa hunyamaza ili limsikie. Jana mimi, mwalimu mwenzake, nilikaa nyuma ya darasa akieleza jinsi zama za barafu zilivyokausha misitu na kumaliza wanyama.

"Mwalimu, waliganda kama samaki wa friji?" Dainess aliuliza. Wenzake wakacheka.

"Hapana, mwanangu. Majani yalikufa kwanza. Wao walikufa njaa."

Juzi baridi iliunguza shamba lote la viazi la mwalimu kule Isongole, chakula cha nyumba nzima.

"Na waliopona?" Dainess akauliza tena.

"Walihama," akasema, kisha akaufuta ubaoni mchoro wa msitu ambao wanafunzi walikuwa bado wanaunakili.